Kwanza Kilicho Ndani: Maneno kwa Mafundi wa Bukavu juu ya Kle Zilizoharibika

Mafundi wa Kadutu, ninyi wenye sekretaria, vibanda vya kuchapa hati, za Ibanda na Nguba, wanafunzi, wamama na wapapa mliofika, jambo kwenu nyote.

Kitu kilichotukusanya leo ni kidogo kuliko kidole gumba. Kwingine wanakiita flashi. Sisi hapa Bukavu tunasema kle, na ndilo jina tutakalotumia. Ndani yake mna TFC, ile kazi ya kumalizia masomo, ya mwaka mzima, picha za arusi, nyimbo za kwaya, hesabu za duka. Kle yenyewe mtu anaweza kununua nyingine leo jioni. Kilicho ndani hakiuzwi popote.

Kwa hiyo kazi ya fundi inaanza kabla hajagusa kitu. Mwanafunzi wa chuo cha ISP au cha UOB anafika mezani: “Yaya, kle yangu imekufa.” Mjibu kwa swali: “Mdogo wangu, unataka kle, ama unataka kilicho ndani?” Andika jibu lake kwenye karatasi, kwa sababu dawa nyingi zinazofufua kle ndizo zinazoua faili. Windows ikiuliza kama iiformati na ukakubali, kle inafunguka, safi kabisa, tupu. Ukiwa umeformati kwa njia ya haraka, faili nyingi bado zimo chini, zimepotezewa orodha tu. Lakini ukiondoa alama ya njia ya haraka, Windows ya tangu Vista inaandika sifuri juu ya kila kitu, na hapo hakuna fundi wa Bukavu wala wa Ulaya atakayezirudisha.

Sasa tuiangalie kle inavyojitambulisha kwa kompyuta. Usiichomeke moja kwa moja kwenye tundu la mashine yako ya kazi. Tumia kigawanyio cha USB cha bei rahisi chenye umeme wake, ili kle yenye shoti iharibu kigawanyio, isiharibu kompyuta. Subiri sekunde kumi huku umeigusa kwa kidole. Ikipata moto kiasi cha kukuchoma, itoe mara moja. Hiyo ina shoti ndani na tutaifungua baadaye. Isipopata moto, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc. Amri hiyo haibadiliki, Windows yako iwe ya Kifaransa au ya Kiingereza. Mwenye Linux afungue dirisha la amri, aandike sudo dmesg -w, kisha ndipo achomeke kle na kusoma mistari inayotokea.

Hapo kle itakuambia moja kati ya mambo haya. Inaonekana na ukubwa wake wa kweli, lakini Windows inasema haijaformatiwa au inaiita RAW: chipu ni hai, orodha ya faili ndiyo imevunjika, na hii ndiyo habari njema kuliko zote. Inaonekana kwa jina lakini ukubwa ni sifuri, kama vile hakuna kitu ndani: kontrola, ile chipu inayoiendesha kle, inazungumza na kompyuta, ila yenyewe haisikilizani na chipu ya kumbukumbu. Inatoa sauti, kisha inaitwa kifaa kisichojulikana, na ndani ya devmgmt.msc, orodha ya vifaa ya Windows, unakuta kodi 43: umeme unafika, mazungumzo hayafiki. Ya mwisho ni ile isiyotoa sauti, isiyowasha taa, isiyoonekana popote. Hiyo usiitangaze maiti kabla ya kuipima kwa multimeta, kifaa cha kupimia umeme.

Tukae kwanza kwenye ile ya RAW, kwa sababu ndiyo inayoletwa sana na ndiyo inayoharibiwa sana na mafundi wenyewe. Chanzo chake kwetu kinajulikana. Mtu anakopi, umeme wa SNEL unakatika, kompyuta isiyo na betri inazima katikati ya kuandika. Au mteja wa sekretaria ana haraka, anaing'oa kle taa ikiwa bado inameta. Orodha inabaki nusu ya zamani, nusu mpya, na Windows haiielewi tena.

Wengi hapo wanakimbilia chkdsk, amri ya Windows ya kurekebisha diski. Tunawaomba sana, muiache kwanza. Chkdsk ikipewa /f inaandika juu ya kle ileile mgonjwa, inakatakata faili zilizochanganyika na kuzipa majina ya FILE0000.CHK, na ikikosea huna pa kurudi. Chukua kwanza nakala nzima ya kle, biti kwa biti, kisha fanya kazi zote juu ya nakala. Programu nzuri kwa kazi hiyo ni ddrescue, ya bure, inayokaa ndani ya Linux. Unaweza kuwasha kompyuta yoyote kwa Linux ya kwenye kle nyingine bila kugusa Windows ya mwenye mashine. Angalia kwanza jina la kle kwa lsblk. Itambue kwa ukubwa wake, usibahatishe. Tuseme ni sdb, ya GB 32. Hakikisha diski ya kupokelea ina nafasi inayozidi GB 32, ingia kwenye folda yake, kisha andika:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb kle.img kle.map

Mzunguko huu wa kwanza unachukua yote yanayosomeka kwa urahisi na kuruka pabaya. Ukiisha, rudi kwenye sehemu zilizorukwa, ukizijaribu mara tatu:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb kle.img kle.map

Kinachosomwa kinatangulia, kinachoandikwa kinafuata. Ukigeuza mpangilio huo na kuilazimisha kwa -f, umefuta kle ya mteja kwa mkono wako. Na ile kle.map msiidharau: ni daftari la pale kazi ilipofikia. Umeme ukikatika saa ya pili, ukirudi unaandika amri ileile na kazi inaendelea pale ilipoishia. Kwa mji wetu, hiyo peke yake inatosha kuichagua ddrescue mbele ya programu nyingine. Kle nzima ya GB 32 inayosoma MB 18 kwa sekunde inamaliza kwa karibu nusu saa. Inayougua inaweza kula usiku mzima, iache, usiichomoe-chomoe.

Nakala ikishapatikana, andika testdisk kle.img. Kle iliyoformatiwa kwa FAT32 ina jedwali mbili za faili, na sekta yake ya kuanzia ina nakala ya akiba kwenye sekta namba 6. Mara nyingi ya kwanza ndiyo iliyoharibika na ile ya akiba ni nzima. TestDisk inazilinganisha na kukuonyesha faili pamoja na majina yake na folda zake. Ikishindikana, ndipo uende kwa photorec kle.img. PhotoRec haitazami orodha hata kidogo. Inatafuta mwanzo wa kila aina ya faili, hati za Word, PDF, JPEG, inazitoa zilivyo. Hasara yake ni majina: mteja atapokea faili mia tisa zenye namba tupu, na faili iliyokuwa imekatika vipande vilivyotawanyika inaweza kutoka mbovu. Mwambie kabla ya kuanza, si baada ya kulipa.

Kle inayofunguka lakini inakwama katikati ya kukopi, au inajitoa na kurudi yenyewe, ina ugonjwa mwingine. Kumbukumbu ya flashi inatunza chaji za umeme ndani ya vyumba vidogo sana, na kila kufuta na kuandika kunachosha ukuta wa chumba. Chipu za leo zinazobana biti tatu katika chumba kimoja zinavumilia kiasi cha mara elfu moja au zaidi kidogo. Zile za zamani za biti moja zilifika mara laki moja. Kle ya namna hii kila dakika unayoichezea inaweza kuwa ya mwisho. Usifungue picha moja moja kuona kama zipo. Nenda moja kwa moja kwenye ddrescue.

Virusi vya njia za mkato tuvipitie haraka, kwani kila mmoja hapa amevikuta. Folda zote zimegeuka alama zenye mshale mdogo pembeni, kila moja ya KB moja au mbili, huku kle ikisema imejaa. Faili hazijafutwa, zimefichwa. Usibonyeze alama hata moja; kila moja ni mlango wa virusi. Kama kle imepewa herufi E, fungua cmd na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha subiri. Folda halisi zitatokea, pengine zote zikiwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Toa hati na picha tu, futa kila kinachoishia na .lnk, .vbs, .js na .exe usichokijua. Wenye sekretaria, hapa tunazungumza nanyi kwa uwazi: mashine yenye virusi inaambukiza wateja wote wa siku hiyo, na wao wanapeleka nyumbani na ofisini. Mashine ya kupokelea kle ikiwa ni ya Linux, ikageuza hati kuwa PDF na kuipeleka kwenye mashine ya kuchapa, mlolongo huo unakatika mlangoni kwako.

Kle inayokataa kuandikwa: tazama kwanza kama ina kiswichi cha kufungia pembeni. Kisha ndani ya cmd andika diskpart, list disk, select disk na namba yake, attributes disk clear readonly. Ikiwa bado inakataa kwenye kompyuta tatu tofauti, basi kontrola imejifunga yenyewe kwa sababu akiba ya vyumba vizima imekwisha. Kufuli hiyo ni huruma kwa mwenye kle: imemwachia nafasi ya kusoma. Kopi vyote, uistaafishe. Kuilazimisha ifunguke ni kutafuta hasara.

Kuna kle ambazo hazikuharibika, zilizaliwa na uongo. Imeandikwa TB 2, bei yake ya chakula cha mchana. Kontrola imefundishwa kudanganya kompyuta, na ndani mna chipu ya GB 8 au 16. Faili za kwanza zinakaa vizuri. Zinazofuata zinaandikwa hewani au juu ya zile za mwanzo, majina yanaonekana, ndani ni sifuri. Hakuna programu ya kurudisha kitu ambacho hakikuandikwa kamwe. Pima kle yoyote mpya kabla ya kuiuza au kuitumia: kwenye Windows kuna H2testw, kwenye Linux kuna f3write na f3read, zinazoijaza yote kisha kusoma tena na kuhesabu kilichorudi kizima. Kle ya uongo unaweza kuibana ibaki na ukubwa wake wa kweli: f3probe inatafuta sekta ya mwisho halali, f3fix inakata hapo. Baada ya hapo itafaa kubebea nyimbo, basi.

Sasa tufungue kle. Tumeleta moja yenye kichwa kilichopinda, ugonjwa mkubwa wa kle zinazochomekwa mbele ya kompyuta ya mezani na mtu akapita na goti. Vifaa: wembe mwembamba au plektra ya gitaa kwa kufungulia ganda kwenye mshono, lupu (kioo cha kukuzia) ya mara kumi, multimeta, feri ya kuchomelea yenye ncha nyembamba, eteni (waya wa kuchomelea) ya 60/40 yenye unene wa milimita 0.5, flaksi ya kusaidia eteni kushika, alkoli ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, na mswaki laini wa meno. Udongo wetu mwekundu wakati wa mvua unaingia hadi mdomoni mwa kle, kwa hiyo anza na alkoli na mswaki. Si mara moja tu kle iliyokataa inakubali baada ya kusafishwa.

Tazameni sasa chini ya lupu. Kichwa cha USB 2.0 kina miguu minne iliyochomelewa kwenye kadi, ubao wenye njia za shaba, na masikio mawili makubwa ya ganda la chuma. Kwenye mguu wa pili kuna mstari mwembamba mweusi unaozunguka eteni kama pete. Kwa jicho tupu inaonekana imeshika; ukisukuma kichwa kidogo kwa ncha ya wembe, pete inafunguka na kufunga. Huo ndio ufa. Ndiyo sababu mteja anasema ikishikwa kwa kidole upande fulani inawaka. Msimwambie aendelee kuishika hivyo: umeme unaokatika na kurudi ndio unaovuruga orodha ya faili.

Miguu hiyo ina mpangilio: wa kwanza volti 5, wa pili data hasi, wa tatu data chanya, wa nne ardhi. Vikanyagio vya pembeni, volti 5 na ardhi, ni virefu kuliko viwili vya katikati, ili umeme ufike kabla ya data. Kichwa cha buluu cha USB 3.0 kinaongeza vitano nyuma yake, jumla tisa, lakini hata kikikatika vile vitano, vinne vya mwanzo vinatosha kuisoma kle kwa mwendo wa USB 2.0. Kwa kuokoa faili inatosha kabisa.

Weka flaksi, feri iwe nyuzi 350 au pungufu kidogo, gusa mguu sekunde mbili hadi tatu, ongeza eteni kidogo, ondoa. Ukikaa sekunde kumi, kile kidoa cha shaba kilicho chini kinang'oka kutoka kwenye kadi, na umegeuza kazi ya dakika mbili kuwa ya saa nzima. Kikiwa kimeshang'oka, fuata njia yake ya shaba hadi kwenye rezistansi ndogo au mguu wa kontrola, kwangua rangi ya juu kwa ncha ya wembe mpaka shaba ing'ae, chomelea hapo uzi mwembamba wa shaba.

Kichwa kilichovunjika kabisa hakihitaji kichwa kipya. Kata kebo ya zamani ya USB, chomelea nyuzi zake nne kwenye kadi: nyekundu volti 5, nyeupe data hasi, kijani data chanya, nyeusi ardhi. Kebo za bei rahisi hazifuati rangi hizo daima, kwa hiyo pima kila uzi kwa multimeta kutoka ncha hadi ncha. Nyuzi mbili za data ziwe na urefu sawa na uzifunue kwa sentimita chache tu. Ukizibadilisha hizo mbili, kompyuta haitaitambua kle, hakuna kifo, unarekebisha. Lakini ukibadilisha volti 5 na ardhi, kontrola inaungua papo hapo na faili zinakwenda nayo. Kabla ya kuchomeka, pima upya. Kisha pima tena.

Kle iliyokuwa ikipata moto: ikiwa haina umeme, pima rezistansi kati ya volti 5 na ardhi. Ikisoma chini ya omu 5, kuna shoti, na mara nyingi mkosaji ni kondensata ndogo ya kahawia karibu na kichwa. Itoe, pima tena. Shoti ikiisha, kle inaweza kufanya kazi bila hiyo kwa muda wa kukopi. Halafu ichomeke na upime umeme: kwenye kichwa tunataka kati ya volti 4.75 na 5.25, na baada ya regulata, kidude cha kupunguza umeme, volti 3.3, kwani chipu nyingi hazili 5. Regulata hiyo, pale ilipo nje ya kontrola, ni kidude cha miguu mitatu, mara nyingi kimeandikwa 662K. Inapatikana kwenye kle nyingine mbovu za kapu lako. Umeme wote ukiwa sawa na kle bado kimya, tazama kristali, kopo dogo linalong'aa lenye maandishi 12.000. Hilo ndilo linalopiga mapigo ya MHz 12, na halipendi kuangushwa sakafuni. Badilisha kwa lenye namba ileile.

Ile yenye ukubwa wa sifuri inahitaji uvumilivu. Chipu ya kumbukumbu yenye miguu 48, ishirini na nne kila upande, inaweza kuwa na miguu iliyoachia. Flaksi nyingi na feri inayotelezeshwa polepole upande mmoja baada ya mwingine imerudisha nyingi. Unaweza pia kuihamishia kwenye kadi ya kle nyingine, ilimradi kontrola ina maandishi yaleyale. Usidanganywe na ganda: viwanda vinabadilisha vya ndani bila kubadilisha jina la nje. Na kuisoma chipu peke yake kwa mashine ya kusomea hakutoshi, maana kontrola inavuruga data kwa makusudi kabla ya kuiandika, na kuipanga upya kunahitaji programu maalumu. Zile kle fupi sana ambazo kila kitu kimefunikwa katika kipande kimoja cheusi, mwambie mteja ukweli: kwa vifaa vya meza hii hazifunguki, na usizikwangue.

Programu za kiwandani zinazoandika upya akili ya kontrola zipo. ChipGenius itakutajia kontrola, nawe utatafuta programu ya toleo lake. Zinafufua kle nyingi zenye sifuri, na zinafuta kila kitu. Zitumike tu pale karatasi ya mteja imeandikwa “nataka kle”, na kwenye mashine ya zamani isiyo na hesabu za duka, kwa kuwa nyingi zinapakuliwa zikiwa na virusi.

Kle iliyoanguka ziwani au kufuliwa na suruali isichomekwe kuonja kama nzima. Ifungue, ioshe kwa alkoli, iache siku nzima mahali pakavu penye hewa. Mchele hausaidii, unaongeza vumbi. Kinachoiua ni umeme kupita juu ya maji yenye uchafu, siyo maji yenyewe.

Kle uliyochomelea usimrudishie mteja kama kitu cha kutegemewa. Mpe faili zake kwenye kle mpya uliyoipima, na hiyo ya zamani iandike kwa kalamu neno moja, “mgonjwa”. Tena faili azifungue mbele yako, ile TFC hadi ukurasa wa mwisho, kabla hujafuta kle.img kwenye diski yako. Akishaondoka, ifute: siri za watu hazikai kwenye mashine ya fundi.

Meza iko tayari, na feri imeshika moto. Tuanze na ile yenye pete nyeusi. Wawili wa mbele wasogee, mmoja ashike lupu, mwingine asome multimeta kwa sauti.